Malalamiko Kuhusu Njia Zenu Saba za Kuondoa Panya

Kwa Mhariri,
Ukurasa wa Nyumba Bora.

Ndugu Mhariri,

Pokea salamu zangu za heshima. Natumaini barua hii itakukuta mzima, umekaa kwenye kiti ambacho bado hakijatafunwa. Mimi si mtu wa kuandikia magazeti. Nimekuwa fundi cherehani kwa miaka ishirini na sita, na kwa miaka kumi na minane kati ya hiyo nimeshona majoho ya mahafali ya chuo cha ualimu kilicho juu ya barabara yetu. Mtaani wananiita Fundi Majoho, hata wale ambao sijawahi kuwashonea kifungo. Naishi na mke wangu, ambaye ni mkunga katika zahanati. Chumba chetu cha mbele ndicho karakana yangu: cherehani iko dirishani, meza ya kukatia iko katikati, na ukutani nyuma kuna bomba refu la kutundikia nguo. Nayaeleza haya ujue kwamba anayekuandikia ana kazi, ana nyumba, na mpaka wiki saba zilizopita alikuwa na jina zuri.

Wiki saba zilizopita mlichapisha makala yenye kichwa "Njia Saba za Uhakika za Kuondoa Panya Nyumbani", iliyoandikwa na mtu mliyemwita Mtaalamu Wetu. Mteja aliniletea kitambaa kimefungwa ndani ya gazeti hilo. Nilizikata njia zenu kwa mkasi, nikazibandika ukutani juu ya cherehani, nikazifuata moja baada ya nyingine kama mtu anayesomewa dozi na daktari.

Siku nazibandika, Ndugu Mhariri, nyumba yangu ilikuwa na panya mmoja. Mmoja tu. Alikuwa wa kijivu, sikio la kushoto limekatika ncha, na mke wangu alimwita Mpangaji. Alikaa nyuma ya kabati la jikoni, akitoka asubuhi mke wangu akishaondoka, na jioni kabla hajarudi. Alipita kando ya ukuta kwa adabu, wala hakuwahi kukatiza mbele ya mgeni. Kosa lake lilikuwa moja: alitafuna bitana ya ndani ya joho, mahali pasipozidi ukubwa wa ukucha. Lakini nilikuwa na majoho thelathini na mawili ya kumaliza kabla ya mahafali, pamoja na la mkuu wa chuo mwenyewe, jekundu, lenye kofia pana ya kuning'inia mgongoni. Niliingiwa na hofu. Naona sasa kwamba watu walioingiwa na hofu ndio wasomaji wenu wakubwa.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Mtaalamu Wenu aliandika kwamba panya hawavumilii harufu ya mnanaa, na kwamba pamba iliyochovywa mafuta ya mnanaa ikiwekwa kwenye pembe za nyumba, "watatoweka wenyewe ndani ya siku tatu". Nikanunua mafuta. Nikachovya pamba, nikaweka pembe zote, chini ya kitanda, hata ndani ya viatu vyangu. Siku ya tatu kilichotoweka ni pamba. Nilipovuta kabati nilikuta Mpangaji amejitengenezea kitanda cha pamba ambacho mimi na mke wangu hatujawahi kulalia mfano wake, na ubavuni mwake amelala mwenzake. Ukweli ni kwamba mlimfungishia ndoa, Ndugu Mhariri. Alikuwa hana hili wala lile, mkampa godoro.

Nyumba nzima ilinuka dawa ya meno. Majoho yalinuka dawa ya meno. Karani wa chuo alipokuja kuona sampuli aliliweka joho puani, akalishusha, akaniuliza, "Fundi, hili umelishona au umelipiga mswaki?" Alicheka peke yake. Mimi nilikuwa nahesabu siku zilizobaki.

2. Njia ya pili ilikuwa kuziba matundu yote, "hata yale madogo kama kalamu", kwa wavu wa chuma wa kusugulia sufuria na kisha saruji. Hii niliipenda kwa sababu ilikuwa kazi ya mikono. Nilianza mke wangu alipoondoka asubuhi kwenda zamu, nikaziba matundu kumi na saba. Tundu la kumi na saba lilikuwa chini ya sinki. Nilikuja kugundua baadaye, maji yakiwa yamefika sebuleni, kwamba hilo halikuwa tundu la panya bali njia ya maji machafu. Makala yenu haikusema lolote kuhusu kuangalia tundu ni la nani kabla ya kuliziba.

Mke wangu alirudi akanikuta nimekunja suruali mpaka magotini, nachota maji kwa kikombe cha chai. Alisimama mlangoni na sare yake nyeupe, begi bado begani. Akaangalia ukuta, akaangalia saruji, akaniangalia mimi.

"Panya umewafungia nje," akauliza, "au umewafungia ndani?"

Nilisema sina uhakika. Wakati huohuo tukasikia vishindo ndani ya ukuta, kama vya watu wanaohamisha samani.

Tangu siku hiyo mke wangu aliacha kusema nami. Akiwa na la kuniambia, aliliandika kwa chaki yangu juu ya meza ya kukatia. "Mchele umeisha." "Nitachelewa." Siku moja nilikata mkono wa joho juu ya maneno "Toa saruji kwenye sinki langu", yakahamia kwenye kitambaa, nikashona hadi mwisho bila kuyafuta, na mwanachuo mmoja atavaa amri hiyo maisha yake yote.

3. Njia ya tatu: "Wasiliana na mamlaka husika." Hapa, Ndugu Mhariri, naomba uvute kiti.

Nilikwenda ofisi ya afisa afya. Ni mtu mpole, kijana kiasi, ana mihuri mitano mezani na yote ina wino. Alinipa fomu. Fomu iliuliza idadi ya panya, jinsia zao, na tarehe walipoingia. Nikamwambia hawakuniaga wakati wa kuingia. Akasema niandike "haijulikani", lakini idadi lazima ijulikane.

"Wako wangapi?"

"Wapo wengi, bwana afisa. Nasikia miguu."

"Miguu mingapi?"

Akanieleza kwa upole kwamba ofisi haiwezi kutoka kwa sababu ya malalamiko ya mdomo, inahitaji kielelezo. Nilete panya.

Nikarudi nyumbani, nikaweka ndoo yenye ubao wa kuteleza, na kesho yake saa tano asubuhi nikawa na panya mzima ndani ya kopo la maziwa, kifuniko nimekitoboa apate hewa, kwa maana sikutaka kielelezo kife njiani. Nikampelekea. Afisa akavaa glavu, akafungua fomu, akachukua kalamu, halafu, akiwa na nia njema kabisa, akafungua kopo ili aone jinsia.

Panya yule aliruka juu ya meza, akapita kwenye kidau cha wino, akaenda zake ndani ya kabati la mafaili. Mpaka leo hajatoka. Nasikia ana watoto huko, na kwamba mafaili ya miaka mitatu ya malalamiko ya wananchi sasa ni matandiko. Mafaili yale yalikuwa hayajasomwa na mtu yeyote, kwa hiyo angalau kuna aliyeyafungua. Wiki iliyofuata nilipata barua yenye mihuri yote mitano, ikinionya rasmi kwa kosa la "kuingiza wanyama waharibifu ndani ya ofisi ya umma". Nimeambatanisha nakala. Pembe yake moja imeliwa, na hilo si kosa langu.

4. Njia ya nne ilikuwa paka. Sikuwa na paka. Mama mkwe wangu alikuwa naye.

Mke wangu alimpigia simu mama yake, nadhani kwa sababu alihitaji mtu wa kuongea naye ndani ya nyumba. Mama mkwe alifika na masanduku mawili na kikapu kimoja. Masanduku mawili ya nguo, kwa mtu aliyekuja kuleta paka, yangenifungua macho, lakini nilikuwa naangalia kikapu. Ndani yake alikuwa paka mkubwa mweupe mwenye tumbo. Tulimwita Mheshimiwa, kwa sababu alikula cha kila mtu, alilala wakati wa kazi, na alionekana tu pale sahani ilipogonga sakafu. Siku ya kwanza Mpangaji alipita mbele yake. Mheshimiwa alifumbua jicho moja, akamwona, akalifumba. Kuanzia hapo panya walikula kwenye bakuli la paka, naye akawaachia nafasi. Sikuwahi kuona kikao chenye maelewano kama kile.

Wiki ya pili Mheshimiwa alipotea. Nilimtafuta uani, nikamtafuta kwa majirani. Nikiwa natafuta pini kwenye bomba la nguo nikasikia vilio vidogo kutoka ndani ya joho jekundu la mkuu wa chuo. Ile kofia ya mgongoni, niliyoitia pamba laini ili ikae vizuri begani, ilikuwa na Mheshimiwa na watoto watano.

Nilitaka kuwahamisha. Mama mkwe akasimama mbele yangu.

"Huyo ni mzazi, mkwe wangu. Siku kumi haguswi."

"Mama, hilo ni joho la mkuu wa chuo!"

"Na mkuu wa chuo alizaliwa na nani?"

Mke wangu akaitwa kutoka chumbani. Alipiga magoti mbele ya bomba langu la nguo, akamkagua mzazi kama anavyokagua wazazi wote, akawahesabu watoto, akageuka akaniangalia. Halafu akacheka. Alicheka mpaka akashika ukuta. Ilikuwa mara ya kwanza katika wiki tatu nasikia kicheko chake, Ndugu Mhariri, na sitaki kusema uongo kwenye barua rasmi: nilifurahi. Kwa siku kumi joho la mkuu wa chuo likawa wodi ya wazazi, na mimi nikashona kwa kunyata.

5. Kifaa cha sauti. Mliandika kwamba kinachomekwa ukutani na kupiga sauti ambayo panya huisikia na binadamu haisikii. Panya hawakujali. Mama mkwe aliisikia.

"Kitu gani hicho kinanililia masikioni?" aliuliza, nami nilikuwa sijamaliza hata kukichomeka. Huyu ni mama yuleyule ambaye nilimuuliza mara tatu, kwa heshima zote, anapanga kurudi kwake lini, na mara zote tatu hakunisikia. Kwa ajili ya masikio yake alihamia chumba chetu, kilicho mbali na kifaa. Mimi nikahamia juu ya meza ya kukatia. Kwa hiyo njia yenu ya tano ilimwondoa kiumbe mmoja kutoka chumbani mwake, nayo inafanya kazi. Imekosea kiumbe tu.

6. Gundi.

Mlisema mbao zenye gundi ziwekwe "mahali panya wanapopita". Niliziweka, mbao nne, kando ya ukuta na chini ya bomba la nguo. Mlichosahau kuandika ni kwamba mahali panapopita panya, watu nao hupita. Siku ya Alhamisi, siku mbili kabla ya mahafali, mkuu wa chuo alikuja mwenyewe kupima joho lake. Ni mtu mrefu, mzito, anayeongea taratibu kama anayesoma maandishi ukutani. Joho lilikuwa limefuliwa mara mbili na kupigwa pasi, watoto wa paka wamehamia kikapuni, na nilikuwa na furaha ambayo sikustahili. Akavaa. Akarudi nyuma hatua moja ili ajione vizuri kwenye kioo.

"Fundi," akasema, "sakafu yako imenishika."

Nikainama kuvuta kiatu. Kiatu hakikutoka, ila mguu ulitoka. Mama mkwe akaja mbio na chupa ya mafuta ya kupikia, kwa maana mafuta huyeyusha gundi, na hilo ni kweli, naomba mlichape. Lakini mafuta humwagika pia. Mkuu wa chuo aliteleza na ule mguu wenye soksi, akadaka bomba la nguo, bomba likang'oka ukutani, na majoho thelathini na moja yakamshukia. Tulipomfukua tulimkuta ameketi, ametulia, na tulipomwinua akainuka na ubao wa pili. Ulikuwa umekamata sehemu ambayo mtu hukalia.

Ubao ule haukutaka kutoka bila kitambaa. Mimi ni fundi, nikafanya kilichonipasa: nikamkata suruali, duara safi kabisa, bila kugusa ngozi. Joho lake jekundu lilikuwa na mafuta, nikalivua nilisafishe. Akaondoka kwa miguu, amevaa joho jeusi la mwanachuo kufunika nyuma, soksi moja imelowa mafuta. Barabara nzima watu walisimama wakimpigia makofi na kumwambia hongera, wakidhani amehitimu kitu. Aliitikia kwa kichwa mpaka kwenye geti la chuo. Naheshimu uvumilivu wake. Panya, wakati wote huo, walikuwa juu ya kabati. Walikuwa wamekaa mstari.

7. Njia ya saba ilisema: "Ikishindikana, fikiria kuhama nyumba." Nimefikiria. Asante.

8. Lalamiko la nane halina njia yake kwenye makala yenu, kwa kuwa ndilo matokeo ya njia zote.

Jumamosi asubuhi majoho yote thelathini na mawili yalikuwa tayari, pamoja na lile jeusi lililorudishwa kutoka chuoni. Nilikesha nayo, sitaki kusimulia zaidi ya hapo. Niliyakunja mwenyewe, nikayapeleka mwenyewe, na mkuu wa chuo akapokea lake bila kuniangalia usoni. Nilikaa viti vya nyuma pamoja na mke wangu, aliyekuwa amevaa gauni nililomshonea mwaka tuliooana. Uwanja ulijaa wazazi. Mgeni rasmi akaongea, kisha mkuu wa chuo akasimama kwenye kipaza sauti na kuanza hotuba yake kuhusu nidhamu.

Alipofika kwenye maneno "mwalimu bora hajitokezi tu ghafla", Mpangaji alijitokeza. Alitoka kwenye ile kofia ya mgongoni, iliyokuwa bado na pamba laini na, nadhani, harufu ya maziwa. Nilimtambua kwa sikio. Akapanda bega la kushoto, akatazama uwanja, akakaa hapo kama mtu aliyealikwa. Mkuu wa chuo hakumwona. Akaendelea. Wahitimu wa safu ya mbele wakaanza kupanda juu ya viti, mmoja mmoja, halafu safu ya pili, naye akadhani wanaipigia hotuba yake saluti, akapaza sauti. Mgeni rasmi alikuwa wa kwanza kupiga kelele, na kipaza sauti chake kilikuwa bado kimewashwa.

Sitaendelea, ila Mpangaji alifika nyumbani kabla yetu. Walimu wapya thelathini na mmoja walianza kazi yao ya kufundisha taifa wakiwa wamesimama juu ya viti, wameshika majoho magotini.

Jumatatu nilipata barua ya mistari miwili kutoka chuoni. Mstari wa kwanza ulinishukuru kwa miaka kumi na minane. Mstari wa pili ulisema kazi ya majoho amepewa fundi wa nyumba ya pili, ambaye ukuta wake ndio ukuta wangu. Huyo nilimfundisha mimi mwenyewe namna ya kutia mkono wa joho ili usivute begani. Nilisoma barua hiyo nikiwa nimekaa mbele ya cherehani, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi sikuwa na kitu cha kuingiza chini ya sindano. Mke wangu alikuja akaweka mkono wake shingoni mwangu. Hakuandika chochote kwa chaki.

Ndugu Mhariri, wewe ni msomi, tufuatane hatua kwa hatua. Kabla ya makala yenu nilikuwa na panya mmoja asiye na familia. Leo, kwa kuwahesabu wanapokula kwenye bakuli la paka, wako kumi na wanne, bila wale wa ofisi ya afya. Huyo mmoja alikuwa wangu, sikatai. Lakini hao kumi na watatu wamezaliwa kwa godoro lenu, wamekaa kwa saruji yenu, na wamelelewa na paka wenu. Ni mifugo ya gazeti lenu. Kwangu wamekaa kwa muda tu, na mimi si mlezi niliyelipwa.

Kwa hiyo nadai mambo manne. Kwanza, muombe radhi kwenye ukurasa uleule, kwa herufi zenye ukubwa uleule, na neno "uhakika" lifutwe kwenye kamusi ya ofisi yenu. Pili, mumwandikie mkuu wa chuo barua rasmi ya kueleza kwamba panya aliyepanda begani mwake alikuwa wa gazeti. Tatu, Mtaalamu Wenu aje aishi kwangu siku thelathini. Aje na godoro lake. Atalala juu ya meza ya kukatia, na mama mkwe wangu atamhudumia, kwa maana ana mengi ya kumuuliza. Nne, makala ile isichapishwe tena kamwe, wala kwenye gazeti, wala kwenye kitabu, wala kwenye karatasi ya kufungia kitambaa. Iteketezwe, na aliyeiandika asimame pembeni akiangalia.

Nikikosa majibu ndani ya siku kumi na nne, nitawaletea mifugo yenu mpaka mezani kwenu. Nina makopo ya maziwa ya kutosha, na vifuniko nimeshavitoboa.

Nisalimie wapiga chapa wote, msahihishaji wa maandishi, mama anayefagia ofisi yenu, dereva wa gari la magazeti, na yeyote hapo ambaye hajawahi kutoa ushauri. Mke wangu anawasalimu. Mama mkwe wangu anawasalimu, na anauliza kama mna ukurasa wa masikio. Mheshimiwa na watoto wake watano hawajambo, wananenepa.

Wako katika ujirani mwema na uchungu mkubwa,

Fundi Majoho
(aliyekuwa)

Nyongeza: Barua hii ilikaa siku nane nikitafuta bahasha kubwa, na katika siku hizo mambo mawili yametokea ambayo uaminifu unanilazimisha kuyaongeza.

La kwanza: mke wangu aliisoma. Alipofika mwisho alikwenda kwenye rundo la magazeti ya zamani, akarudi na kipande cha juu cha makala yenu, kile nilichokiacha siku ile nilipozikata zile njia saba. Kina aya moja. Inasema kwamba kabla ya njia yoyote, mtu anayekula mahali anapofanyia kazi aache, kwani pasipo hivyo njia zote saba ni bure. Mimi hula biskuti kwenye cherehani, Ndugu Mhariri. Nimekula biskuti kwenye cherehani kwa miaka ishirini na sita. Mke wangu hakunigombeza. Alichukua bisibisi, akafungua tumbo la cherehani, akakinga beseni chini yake. Beseni lilijaa chembe za biskuti. Kisha akalichukua kopo langu la biskuti, akaenda nalo kazini, na wauguzi wenzake wamelimaliza. Leo ni siku ya saba bila chembe, na nyumba hii haina panya hata mmoja. Waliondoka wote kumi na wanne mchana kweupe, kwa kupitia ukutani, bila hata kugeuka nyuma.

La pili: jana alasiri fundi wa nyumba ya pili alibisha hodi. Alikuwa amebeba joho jipya lililotafunwa mkono mzima. Uso ulikuwa umemshuka, na mashavu yake yalikuwa yamejaa mkate aliokuwa bado anautafuna. Akasema, "Mwalimu wangu, naomba unisaidie. Wewe si uliwahi kuwa na panya? Uliwaondoaje?"

Nikamkaribisha, nikambandulia njia saba kutoka ukutani, nikamkabidhi kwa mikono miwili. Nikamwambia azifuate neno kwa neno.

Kwa sababu hiyo naomba kuyaondoa madai yangu yote manne, hasa lile la mwisho. Makala yenu ni nzuri sana. Tafadhali ichapeni tena wiki ijayo, kwa herufi kubwa, ukurasa wa mbele kama mna nafasi, asije akaipoteza ile niliyompa. Ila ile aya ya juu ni ndefu, inamchosha msomaji. Hiyo msiichape.